Mzee Anayeletewa Chakula Bado Anaweza Kukosa Lishe

Marekani ina mpango wa chakula kwa wazee unaotokana na Sheria ya Wamarekani Wazee ya 1965. Kuanzia miaka 60, mtu anaweza kula na wenzake kituoni au kuletewa chakula nyumbani. Huduma inayojulikana zaidi ya kuletewa nyumbani ni Meals on Wheels. Waswahili wengi huko wanafanya kazi ya kutunza wazee, na wengine wanaishi na wazazi wao. Dhana potofu zifuatazo wanakutana nazo kila siku.

"Analetewa chakula, basi lishe yake haina shida."

Sheria inataka mlo mmoja utoe angalau theluthi moja ya virutubisho vinavyohitajika kwa siku. Theluthi mbili mzee atajitafutia mwenyewe. Tena, sehemu nyingi huleta mlo mmoja, siku tano kwa wiki. Anayekula mara tatu kwa siku anahitaji milo 21 kwa wiki, na hapo amepata mitano. Wapo pia wanaoigawa sahani, nusu mchana na nusu usiku. Kwa hiyo usiishie kumwuliza kama chakula kimefika. Muulize alikula nini Jumamosi na Jumapili, kisha, akikuruhusu, fungua friji.

"Mwenye pensheni nzuri hawezi kukosa lishe."

Umaskini una uzito mkubwa, hilo halina ubishi. Katika dodoso la maswali 10 la kupima hatari ya kukosa lishe, linalotumika sana kwenye mipango hii, kukosa pesa ya chakula kuna alama 4, nyingi kuliko swali lolote. Lakini mfikirie mjane mwenye nyumba yake na akiba benki. Anakula peke yake: alama 1. Anatumia dawa tatu au zaidi kwa siku: 1. Meno yanamsumbua: 2. Hawezi tena kwenda sokoni wala kupika: 2. Jumla ni 6, na kuanzia 6 mtu anahesabiwa kuwa katika hatari kubwa. Hajakosa hata senti, na ndiyo maana watoto wake wanaopiga simu kila wiki hawashtuki. Simu haiwaonyeshi meno bandia yasiyomkaa vizuri, wala nyama iliyoachwa pembeni mwa sahani.

"Mnene hana utapiamlo."

Misuli inaweza kuisha huku mafuta yakibaki, na mizani isiseme kitu. Mzee wa namna hii huonekana ameshiba, kumbe kuinuka kitini kunamshinda. Na akipungua kilo 4.5 ndani ya miezi sita bila kukusudia, msimpongeze. Hiyo ni dalili ya hatari, hata kama alikuwa mzito.

"Uzeeni mtu hula kidogo, ni kawaida."

Ni kweli kwamba mwili wa mzee huhitaji nishati kidogo kuliko ujanani. Protini ni jambo jingine: wataalamu wengi wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ilhali kiwango cha kawaida cha watu wazima ni 0.8. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72, isipokuwa daktari amemwekea kiwango kingine, kwa mfano kwa sababu ya figo. Hamu ya kula ikipotea ghafla, tafuteni sababu: kidonda mdomoni, choo kigumu, huzuni ya kufiwa, dawa mpya. Kiu nayo hupungua uzeeni, hivyo msingoje aombe maji.

"Chakula hicho ni cha maskini tu."

Hakuna kipimo cha kipato. Mchango ni wa hiari, na asiyechangia hanyimwi, ingawa wenye shida zaidi hupewa kipaumbele.

Dodoso lenyewe halitambui ugonjwa. Linaonyesha nani amwone daktari au mtaalamu wa lishe. Mzee wako akifikisha 6, nendeni na karatasi hiyo pamoja na dawa zote anazotumia, hata zile alizojinunulia dukani.