Mtoto hataki kula: maswali mnayoniuliza kila siku

Swali: Mwanangu ana mwaka na miezi 8, alikuwa anamaliza bakuli zima la uji, sa hivi vijiko vitatu anafunga mdomo. Anaumwa?

Jibu: Mara nyingi haumwi kitu mama. Mwaka wa kwanza mtoto anakua mbio kweli, aliyezaliwa na kilo 3 akitimiza mwaka anakaribia kilo 9, halafu mwaka wa pili wote anaongeza kama 2 au 2 na nusu tu. Mwendo wa kukua ukipungua na njaa inapungua, ila sisi tunaendelea kupakua vilevile. Fungua kadi ya kliniki, kama uzito wake unapanda kwa kufuata ile mistari iliyochapwa basi anachokula kinamtosha, hata kama kwa macho yako unaona kadonoa tu.

Swali: Wangu hali kabisa, cha ajabu anakimbia kutwa nzima!

Jibu: Haiwezekani asile kabisa akakimbia, kuna kitu kinaingia. Mi huwa namwambia mama anihesabie kila kilichopita mdomoni tangu asubuhi. Kuna dada kaja juzi analia hivohivo, tukahesabu: saa 1 chai ya maziwa na andazi, saa 3 bibi kampa biskuti, saa 5 juisi ya boksi, saa 6 baba mdogo kamuonjesha soda, saa 7 ugali na dagaa umetengwa, mtoto anageuza shingo. Sasa njaa ya ugali itoke wapi jamani? Dada mwenyewe akaanza kucheka.

Mpe milo 3 na vitu vidogo mara 2 katikati, ndizi, kipande cha parachichi, yai la kuchemsha, ukiacha hapo ni maji (anayenyonya aendelee kunyonya). Maziwa ya ng'ombe yasizidi nusu lita kwa siku, yakizidi yanamjaza tumbo na damu inaweza kupungua maana yana madini ya chuma kidogo sana. Chai nayo muondolee, inazuia mwili usichukue hayo madini kwenye maharage na mchicha. Na bibi umuambie kwa adabu, usimtume mtoto.

Swali: Mboga za majani anachambua anatupa.

Jibu: Hapo tuko wote, wangu alikuwa anachomoa jani mojamoja la mchicha anapanga pembeni ya sahani mafungu mafungu kama yuko sokoni. Kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi wanaogopa chakula wasichokizoea, anaweza kuhitaji kukiona mara 10 au zaidi ndo akionje, wengi wetu tunakata tamaa mara ya tatu. Weka kidogo tu pamoja na anachopenda, kaa ule na wewe anakuona, usimpigie makofi wala usimgombeze. Ile ya "maliza mchicha nikupe soda" acha kabisa, unamfundisha mchicha ni adhabu.

Swali: Mama mkwe anasema nimlaze miguuni nimlishe kwa nguvu, wao ndo walilelewa hivo.

Jibu: Shkamoo tunampa lakini hapana. Mtoto analia huku anamezeshwa uji, unaweza kwenda kwenye njia ya hewa ukamkaba palepale au ukaingia kwenye mapafu. Kazi yako ni kuchagua chakula na muda wa kula, ale kiasi gani muachie mwenyewe, dakika 20 au 30 zikiisha toa sahani bila ugomvi.

Swali: Vipi zile dawa za hamu ya kula?

Jibu: Usinunue kwa kuambiwa na jirani. Baadhi ni dawa za aleji, ndo maana mtoto anasinzia hovyo. Dawa ya minyoo baada ya mwaka mmoja na matone ya vitamini A kila miezi 6, hivyo ndo usivikose.

Swali: Niende hospitali lini?

Jibu: Uzito umeshuka au umesimama miezi miwili, anatapika au kuharisha mara kwa mara, anapaliwa kila akimeza, anakula udongo au mkaa, viganja vimekuwa vyeupe. Utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu ukisoma chini ya sentimita 12.5 mpeleke, ukiwa chini ya 11.5 au miguu yote imevimba ni leoleo, usisubiri kliniki ya mwezi ujao.