Je, wajua nyongo hupeleka habari mwilini?

Ukisimama karibu na mchinjaji wa mbuzi hapa Lamu, utaona anavyoitoa nyongo kwa uangalifu, maana ikipasuka, ini lote huwa chungu. Ndiyo sababu wengi huiona kama uchafu. Shuleni tulifundishwa sifa yake moja tu: kwamba huyavunja mafuta ya chakula, kama sabuni kwenye sufuria ya pilau. Ni kweli, lakini nyongo ina kazi nyingine inayostahili kujulikana zaidi.

Ini hutengeneza asidi za nyongo, yaani kemikali zilizomo ndani yake zinazovunja mafuta, kutokana na kolesteroli. Ukila biriani ya harusi, mfuko wa nyongo hujikaza na kuzimwaga kwenye utumbo mwembamba. (Aliyetolewa mfuko huo kwa sababu ya vijiwe bado anazo, hutiririka moja kwa moja kutoka kwenye ini.) Kazi ikiisha, takriban asilimia 95 hufyonzwa na kurudi kwenye ini.

Sasa, ini linajuaje litengeneze kiasi gani? Mwaka 1999 watafiti walionyesha kuwa asidi hizi hujishikiza kwenye kipokezi (protini ya seli inayopokea ishara) kiitwacho FXR, ambacho huwasha jeni fulani na kuzima nyingine. Zikiwa nyingi mwishoni mwa utumbo mwembamba, seli za hapo hutoa homoni ya FGF19. Homoni hiyo hufuata damu hadi kwenye ini, nalo hupunguza utengenezaji. Dawa ya kolestiramini hutumia njia hiyohiyo: hunasa asidi utumboni zisirudi, habari ya "zimetosha" haifiki, na ini hulazimika kuchota kolesteroli kutoka kwenye damu ili litengeneze nyingine. Kwangu mimi, huo ni ushahidi mzuri kuliko wote kwamba nyongo si maji machungu tu.

Kipo pia kipokezi cha pili, TGR5, juu ya ngozi ya seli. Kikiguswa kwenye seli fulani za utumbo, hutoka homoni ya GLP-1, inayoisaidia kongosho kutoa insulini baada ya mlo. Na zinazokigusa kwa nguvu zaidi si asidi zile zilizotoka kwenye ini, bali zile zilizogeuzwa umbo na bakteria wa utumboni. Kwa hiyo viumbe hao wadogo nao wana sauti katika jinsi mwili unavyoishughulikia sukari ya chakula.