Asilimia 14 hii si asilimia 14 ile

Swali ni lile lile, linabadilisha nguo tu. Mtu amepiga hesabu ya umeme wa mwaka wa mfumo wake wa jua kwenye PVGIS, programu ya mtandaoni ya Umoja wa Ulaya, akapata namba. Ameupeleka mfumo huo huo kwenye PVWatts, ya Marekani, akapata namba nyingine, iko chini. Sasa anauliza programu ipi imeharibika, au, mbaya zaidi, ipi ina "data za kweli". Halafu anaongeza ushahidi: "Na zote nimeziachia upotevu wa asilimia 14, kwa hiyo kosa si langu." Hapo ndipo subira inaponiishia, maana kosa limo ndani ya sentensi hiyo hiyo.

Ukiiachia PVGIS 14 yake, unaiambia kwamba kati ya paneli na gridi umeme utapungua kiasi hicho kwa sababu zote za mfumo: kebo, inveta, vumbi na mengineyo. Inveta imo. Juu ya hapo programu inakata yenyewe ya joto la paneli, ya mwanga unaogonga kioo kwa pembe kali, na ya wigo wa mwanga pale data zinaporuhusu. Ndiyo maana mstari wa jumla ya upotevu kwenye ripoti husoma ishirini na kitu, na watu wanalalamika kwamba imejiongezea. Haijajiongezea kitu. Wewe ulijaza sehemu moja, nyingine ikazihesabu.

PVWatts nayo haiji na 14 bali 14.08, na hiyo .08 ingepaswa kumshtua mtu. Imetoka kwenye orodha: vumbi 2, kivuli 3, paneli kutolingana 2, nyaya 2, viunganishi 0.5, upungufu wa mwanzo paneli mpya inapopigwa na jua 1.5, lebo kuzidi uhalisia 1, mfumo kuwa nje ya kazi 3. Theluji na uzee zimewekwa sifuri. Ukijumlisha unapata 15, si 14.08, kwa sababu upotevu haujumlishwi, unazidishwa: 0.98 mara 0.97 mara 0.98 na kuendelea hadi 0.8592. Na inveta haimo humo. Ina kisanduku chake, chaguo-msingi ni ufanisi wa asilimia 96. Zidisha tena: 0.8592 × 0.96 ni 0.8248, yaani upotevu wa asilimia 17.5.

Kwa hiyo aliyeacha "14 pande zote" amelinganisha umeme unaobaki wa 0.86 na wa 0.825. Ni kama watu wawili wanaobishana urefu wa kitambaa, mmoja akipima kwa mkono na mwingine kwa yadi. PVWatts ikitoka chini kwa asilimia 4 hivi, imefanya ilichoambiwa. Kwenye mfumo wa 7,500 kWh kwa mwaka hiyo ni kama 300 kWh, na bado hatujagusa data ya mionzi. Ukitaka mlinganisho wa haki, andika 17.5 kwenye PVGIS kisha rudi na swali lako. Mara nyingi hutarudi.

Tukiwa hapo hapo, ifungue hiyo orodha na uisome. Ile 3 ya kuwa nje ya kazi ni siku 11 kwa mwaka mfumo ukiwa umezimika. Kwa mfumo mdogo wa nyumbani ambao hakuna anayekagua inveta, siku 11 zinaweza kuwa chache. Kwa mtambo wenye fundi wa zamu, ni nyingi. Ile 3 ya kivuli iko pale hata kama paneli zako ziko uwandani pasipo na mti. Na kama umeshachora kivuli kwenye programu nyingine ukaleta matokeo yake hapa bila kuifuta hiyo 3, mti mmoja umeuhesabu mara mbili. Vumbi 2? Hilo ni bahatisho lenye adabu. Kiasi cha vumbi kinategemea mvua, mwinamo, barabara iliyo jirani na nani anaosha, na hakuna kisanduku chenye hayo yote. Mimi natia vumbi kwa mwezi mmoja mmoja pale programu inaporuhusu, juu miezi ya kiangazi na chini miezi ya mvua, nikijua fika kwamba nabashiri.

Basi ukikuta programu mbili zinapishana, usianze na kWh. kWh ziko mwisho wa mnyororo, na kila kosa limeshapita hapo. Anza juu.

Weka mwinamo sifuri kwanza, ulinganishe GHI, yaani mionzi kwenye uso ulio mlalo, mwezi kwa mwezi. Hifadhidata mbili za setilaiti kutofautiana asilimia 3 hadi 5 ni kawaida, na kwenye milima au pwani zinaweza kuachana zaidi. Tofauti hiyo huwezi kuirekebisha. Ichague hifadhidata, uiandike jina, uendelee. Kisha rudisha mwinamo wako ulinganishe mionzi kwenye uso wa paneli. Kama GHI zilikaribiana na hapa zimeachana, tatizo ni mwelekeo, au ni modeli ya kuhamisha mionzi kutoka mlalo kwenda mwinamo, kwa mfano modeli ya Hay upande mmoja na ya Perez mwingine. Perez kwa kawaida hutoa zaidi kidogo.

Mwelekeo ndio unaoua watu kimyakimya. PVGIS inahesabu kusini kuwa 0, mashariki -90, magharibi 90. PVWatts inahesabu kaskazini kuwa 0 na kusini 180. Paneli inayotazama kaskazini, kama inavyopaswa kusini mwa ikweta, ni 180 kwenye moja na 0 kwenye nyingine, na hakuna hata moja itakayokulalamikia ukigeuza. Karibu na ikweta, kwa mwinamo wa nyuzi 10, kosa hilo ni asilimia chache tu, kwa hiyo linajificha vizuri na kuonekana kama "tofauti ya data". Liumbue hivi: tazama mwezi ambao jua la adhuhuri linapita chini zaidi angani. Mwezi huo paneli iliyoinamishwa kuelekea ikweta lazima ipate mionzi mingi kuliko uso mlalo. Ikipata pungufu, umeipa jua kisogo. Angalia na alama ya latitudo pia: kusini ni hasi. Kistari hicho kikidondoka, programu inakuhamishia upande wa pili wa dunia na inakuchorea grafu nzuri tu.

Ukubwa sasa. PVWatts inataka kWp za paneli, yaani nguvu yao ya lebo kwenye jua kamili, si kW za inveta. Mwenye paneli za 6 kWp na inveta ya 5 kW akiandika 5 amejipunguzia asilimia 17 kwa kidole kimoja. Uwiano wa DC kwa AC, yaani paneli kwa inveta, una kisanduku chake, chaguo-msingi 1.2.

Halafu joto, na hapa nitakaa, kwa sababu wanaohamia PVsyst, programu ya kitaalamu ya kusanifu mifumo, huwa wanadhani wameshatoka kwenye programu za watoto na hawahitaji tena kuuliza. PVsyst inakupa kigezo kinachoitwa Uc, yaani jinsi paneli inavyomwaga joto lake hewani. Ni 29 kwa paneli zilizo wazi pande zote, 20 kwa zilizofunikwa nusu, 15 kwa zilizolala juu ya paa mgongo ukiwa hauna hewa. Watu wanaweka 29 bila kutazama paa lao. Tazama inafanya nini: kwa mionzi ya wati 1,000 kwa mita ya mraba na paneli yenye ufanisi wa asilimia 20, joto linalobaki ni 0.9 × 1,000 × 0.8, yaani wati 720. Gawa kwa 29: seli iko nyuzi 25 juu ya hewa. Gawa kwa 15: nyuzi 48 juu. Tofauti ni nyuzi 23, na kwa paneli inayopoteza asilimia 0.35 kwa kila nyuzi, hiyo ni asilimia 8 ya nguvu saa ya jua kali. Kwa mwaka mzima inashuka, kwa kuwa jua halikai 1,000 kutwa, lakini bado inatosha kulingana na mabishano ya hifadhidata.

Na sasa paneli iliyopigwa juu ya bati na nafasi ya hewa ya sentimita 10, ni namba gani? Mwongozo una makundi matatu. Paa lako haliko kwenye hata moja. Mimi naweka kati ya 20 na 24, na ukinibana nitakwambia ni mazoea zaidi kuliko kipimo. Yeyote anayekuletea ripoti yenye desimali mbili bila kusema alichagua Uc gani, mrudishie.

Mafaili ya PAN, yale yanayoipa PVsyst sifa za paneli, nitayapitia haraka. Usiliamini faili la muuzaji kwa kuwa lina nembo. Tazama grafu ya ufanisi kwenye mwanga hafifu. Ukinzani wa mfululizo ukiongezwa kidogo kwenye faili, paneli inaonekana nzuri zaidi asubuhi na mawinguni, na kWh za mwaka zinapanda bila kitu kubadilika kiwandani.

Stringi, yaani paneli zilizoungwa mfululizo: programu ikiandika kijani haimaanishi iko salama, inamaanisha iko salama kwa halijoto uliyoipa. PVsyst inaanzia nyuzi -10 kwa kikomo cha volti. Kwenye joto inakupunguzia paneli bure, kwenye baridi kali haitoshi. Paneli ya Voc (volti bila mzigo) 49.5 inayobadilika asilimia 0.27 kwa nyuzi, asubuhi ya nyuzi 5, inafika volti 52.2, na kwenye inveta yenye kikomo cha volti 1,000 ni paneli 19, si 20. Kwa volti 49.5 za lebo ungepata 20, na asubuhi hiyo paneli ya 20 ndiyo inayoua inveta.

Wenye betri, tafadhali acheni kuleta kWh za mwaka. Kwa mfumo usio na gridi namba hiyo haisemi kitu: betri ikijaa saa tano, umeme wa mchana uliobaki hauna pa kwenda. PVWatts haijui betri. Sehemu ya PVGIS ya mifumo isiyo na gridi inakupa asilimia ya siku betri ilipojaa na ya siku ilipoisha, na hiyo ya pili, kwa mwezi mbaya zaidi, ndiyo ya kutazama. Kumbuka mgawanyo wake wa matumizi umeegemea jioni. Kama mzigo wako ni pampu ya mchana, utanunua betri usizozihitaji.

Na lile la "programu ilisema kWh 620 mwezi huu, mita imesema 560, nimeibiwa". Faili la mwaka wa kawaida limeunganishwa kutoka miezi ya miaka tofauti. Halitabiri mwezi wako. Hata mwaka mzima, namba ya programu ni P50, maana yake nusu ya miaka itakuwa chini. Ukitaka namba ya kumpa mkopeshaji, toa 1.28 mara mkengeuko: kwa mkengeuko wa asilimia 6, P90, kiwango ambacho miaka tisa kwa kumi itakifikia, ni asilimia 92.3 ya P50. Kabla ya kulaumu, pima mionzi ya mwezi huo huo.

Ukishafanya hayo na bado umekwama, uliza, lakini leta vitu vinavyojibika: latitudo na longitudo kwa desimali na alama zake, kWp, mwinamo, mwelekeo pamoja na maelezo sifuri yako inatazama wapi, jina la hifadhidata, toleo la programu, orodha ya upotevu kisanduku kwa kisanduku, na jedwali la miezi 12 lenye GHI, mionzi kwenye paneli na kWh. Kwa PVsyst, toa mradi mzima kwenye faili moja la zip. Kama umeingiza data zako za saa kwa saa, sema saa hizo ni za UTC (saa za kimataifa) au za hapo ulipo, na kama kila mstari ni mwanzo au katikati ya saa. PVGIS inatoa UTC, na jua linasogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo data ya UTC ikisomwa kama saa za Afrika Mashariki inawahi kwa saa tatu, na itakuonyesha paneli za mashariki zikizishinda za magharibi mwaka mzima.