Je, wajua kwa nini bonsai, mti unaokuzwa ndani ya chungu kidogo, haurefuki?

Katika bustani ya taifa ya miti mjini Washington, Marekani, kuna msonobari mweupe wa Kijapani ulioanza kutunzwa kama bonsai mwaka 1625. Mwaka 1945 ulikuwa Hiroshima, kwenye kitalu cha familia ya Yamaki, kama kilomita 3 kutoka pale bomu la atomiki lilipolipukia, na ukuta mnene wa kitalu ukaukinga. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa uwe miongoni mwa miti 53 ambayo Wajapani waliwazawadia Wamarekani. Habari ya bomu haikujulikana pale bustanini hadi mwaka 2001, wajukuu zake walipofika kuutazama mti wa babu yao.

Msonobari wa aina hiyo ukiachwa mlimani waweza kupita mita 15. Huu, pamoja na umri wake wote, bado unakaa juu ya meza. Imekuwaje?

Ukiuliza watu utapewa majibu matatu: mbegu yake ni ya kibilikimo, umewekewa dawa, au umenyimwa chakula mpaka ukadumaa. Yote matatu si kweli. Bonsai ni mti wa kawaida kabisa. Chukua mbegu ya mkwaju wa chunguni, ipande shambani, na wajukuu wako watapumzika chini ya kivuli chake.

Siri iko kwenye ncha. Kila ncha ya tawi hutengeneza homoni iitwayo auksini, nayo hushuka ndani ya tawi na kuvizuia vichipukizi vya kando visiamke. Kwa hiyo ncha moja hukimbilia juu na nyingine zote hulala. Ukiikata ncha hiyo, kizuizi kimeondoka: vichipukizi viwili vitatu vilivyojificha penye makutano ya jani na tawi huamka kwa pamoja. Kila kimoja kinakuwa ncha mpya, nacho kikikatwa kinazaa vingine. Nguvu iliyokuwa ikirefusha tawi moja inagawanywa kwenye vitawi kumi vifupi. Ua wa michongoma unaopogolewa kila mara hubaki mfupi na mnene kwa sababu hiyo hiyo, ila hakuna anayeuita sanaa.

Chini ya udongo mkasi nao hupita. Mizizi minene inayousimamisha mti ardhini hupunguzwa, na ile myembamba inayofyonza maji huachwa. Mti wa chunguni hauna haja ya kujishikilia dhidi ya upepo wa mlimani, lakini unahitaji kunywa na kula. Tena hulishwa mara nyingi kuliko mwenzake wa shambani, maana kila unapoumwagilia, sehemu ya mbolea huoshwa na kutokea matunduni.

Baada ya miaka ya kukatwa na kupigwa na jua la kutosha, hata majani huwa madogo. Maua na matunda hayafuati mtindo huo, na ndiyo maana utaona mti wa urefu wa mkono umeinamishwa na tunda moja tu.

Ikiwa mkasi hauui, mbona bonsai ya anayeanza hufa ndani ya miezi michache? Mara nyingi ni maji, na kosa linaanzia kwenye umbo la chungu.

Fanya jaribio hili jikoni. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, iloweshe mpaka ishibe, kisha iweke kiganjani ikiwa imelala bapa. Itadondosha kidogo halafu itaacha. Sasa isimamishe wima. Maji yataanza kutoka tena, ingawa hukuikamua na hukuongeza hata tone. Sifongo ni ile ile, matundu ni yale yale, kilichobadilika ni kimo tu.

Udongo hufanya vivyo hivyo. Uvutano wa dunia huyavuta maji chini, lakini vinafasi vidogo kati ya punje huyashikilia. Kwa hiyo chini ya kila chungu hubaki tabaka lililojaa maji hadi pomoni, na kimo cha tabaka hilo hutegemea ukubwa wa punje za udongo, si kina cha chungu. Tuseme ni sentimita 4. Kwenye ndoo ya kina cha sentimita 30 hizo si kitu. Kwenye chungu cha bonsai chenye kina cha sentimita 5, karibu mizizi yote imesimama majini. Mizizi nayo inahitaji hewa. Ikikosa, inaoza, na mti hunyauka kwa kiu huku udongo umelowa. Mwenye mti akiona majani yamelegea, anaongeza maji.

Hapa ushauri wa kuweka kokoto chini ya udongo hausaidii, hata kama umeusikia kwa watu wazima. Kokoto zinalisukuma juu tu tabaka lile la maji, likaisogelea zaidi mizizi. Dawa ni kubadilisha udongo wote uwe wa punje kubwa, za milimita 3 hadi 5 hivi. Wajapani hutumia udongo wa mfinyanzi wa punje punje uitwao akadama. Si lazima uuagize. Matofali ya kuchoma yaliyopondwa yanafanya kazi nzuri, na mawe mepesi ya volkano, kama yale yanayochimbwa upande wa Naivasha na Longonot, ni bora zaidi. Ponda, chekecha, mwaga vumbi lote, kisha changanya na mboji kiasi cha theluthi moja. Usiogope ukiona mchanganyiko unafanana na takataka za fundi mwashi.

Kuhusu ratiba ya maji, usiwe nayo. Kikombe kimoja kila asubuhi ni kidogo mno Dar es Salaam mwezi wa Januari na ni kingi mno Nairobi mwezi wa Julai. Tumia kijiti cha mshikaki: kichomeke udongoni karibu na shina, kiache dakika kumi, kichomoe. Kikiwa cheusi kwa unyevu, ondoka. Kikiwa kimebaki na unyevu kidogo tu nchani, mwagilia mpaka maji yachuruzike chini, subiri kidogo, mwagilia tena. Usiache maji yaliyotuama kwenye kisahani. Na kama mti wako wa dukani umekuja na vijiwe vilivyogandishwa kwa gundi juu ya udongo, vibandue siku hiyo hiyo. Ni pambo linalozuia maji kuingia.

Baada ya maji ni mwanga. Huko Omiya, kaskazini mwa Tokyo, wakulima wa bonsai walianzisha kijiji chao mwaka 1925, baada ya tetemeko kubwa la 1923 lililoiharibu Tokyo. Miongoni mwa masharti waliyojiwekea, kila mkazi awe na vyungu visivyopungua kumi, na nyumba zisiwe za ghorofa. Hilo la pili utalielewa ukishauona mti uliofichwa nyuma ya pazia la sebule: vitawi virefu, vyembamba, majani mawili mawili.

Kwa hiyo chagua mti unaokubaliana na mahali ulipo. Misonobari na miti ya jamii ya mtarakwa, ambayo ndiyo imejaa kwenye picha za bonsai mtandaoni, ni miti ya nje. Ile iliyotoka Japani hutaka pia miezi ya baridi kali ili ipumzike. Ukiiweka mezani ndani ya nyumba itabaki ya kijani kwa wiki kadhaa ilhali imekwisha kufa, nawe unaendelea kumwagilia maiti. Anayeishi pwani aweza kuanza na mbuyu, mradi akumbuke kuunyima maji ukipukutisha majani wakati wa kiangazi. Ila mimi kwa anayeanza ningempa fikasi, hii hii inayouzwa na wauza miche wa kando ya barabara. Ni ndugu wa mkuyu, inavumilia mizizi kukatwa, na inakubali veranda yenye jua la asubuhi.

Fikasi ina tabia moja ya kujua mapema: ukiihamisha ghafla, inapukutisha majani. Wengi hapo hudhani ina kiu. Kumbe mti usio na majani hunywa kidogo sana, na maji ya huruma ndiyo yanayoozesha mizizi. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha. Chini yake kukiwa kijani kibichi, mti u hai. Uache mahali pamoja na upunguze maji.

Ukianza kuipogoa, subiri kitawi kifikishe majani sita hadi manane, kisha kikate yabaki mawili au matatu. Kata juu kidogo ya jani. Utatoka utomvu mweupe kama maziwa. Ufute kwa kitambaa chenye maji, usiguse macho, na usivae shati unalolipenda, kwa kuwa doa lake ni gumu kutoka. Usiliache tawi bila jani hata moja, hasa ile fikasi ya majani membamba yenye ncha, maana tawi zima laweza kukauka. Kukiwa na joto, baada ya wiki chache utaona kichipukizi kinachomoza pembeni mwa kikonyo cha jani lililobaki. Hapo umeiona auksini ikiachia.

Kubadilisha udongo hufanywa kila miaka miwili hivi, mti ukiwa na nguvu ya kukua. Masika inapoanza ni wakati mzuri. Punguza kama theluthi moja ya mizizi, weka mti kivulini wiki mbili tatu, na usitie mbolea mpaka uchipue. Waya wa alumini wa kupindia matawi ukaguliwe kila wiki, kwani fikasi hunenepa haraka na waya ukizama kwenye gome huacha kovu la miaka. Wakati wa kuutoa, ukate vipande vipande badala ya kuuzungusha, usije ukavunja tawi.

Jambo moja huwavunja moyo wengi: shina halinenepi. Shina hunenepeshwa na majani mengi, nawe kila siku unayakata. Wanaotaka shina nene huupanda mti ardhini au kwenye debe kubwa kwa miaka kadhaa kabla hata ya kufikiria chungu cha bonsai. Huacha tawi moja la chini likue hovyo bila kuguswa, lilishe sehemu ya shina iliyo chini yake, na shina likishafika unene wanaoutaka, tawi hilo hulikata lote.