Je, wajua kwa nini pedi ya PlayStation 2 haifanyi kazi kwenye kompyuta bila adapta?

Katika vibanda vya gemu vya Mtwara mjini si ajabu kukuta PlayStation 2 iliyokufa lenzi ilhali pedi zake bado ni nzima. Mwenye kompyuta hujiuliza: kwa kuwa emuleta, yaani programu inayoiga mashine hiyo, inapatikana, kwa nini pedi ileile isiunganishwe kwenye tundu la USB na mchezo ukaendelea? Wapo wanaodhani kikwazo ni umbo la plagi tu, wakakata waya ili waunge plagi nyingine. Wasifanye hivyo. Pedi hiyo imeundwa kutumia umeme wa volti 3 na ushee, wakati USB hutoa volti 5. Na hata umeme ungelingana, pedi na kompyuta hazina utaratibu mmoja wa kusemezana.

Pedi za zamani hazitumi taarifa kwa hiari yake, bali hungoja kuulizwa. Jambo hili linaonekana vizuri zaidi katika pedi ya NES, mashine ambayo Nintendo iliiingiza Marekani mwaka 1985. Ndani yake mna vitufe 8 na chipu moja ya aina ya 4021. Mashine inapotuma ishara ya kwanza, chipu hunasa hali ya vitufe vyote kwa mpigo. Kisha kwa kila ishara inayofuata hutoa taarifa ya kitufe kimoja tu, kwa mpangilio usiobadilika: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia, mithili ya abiria wa kivuko cha Msangamkuu wanaotoka mmoja mmoja kwenye lango jembamba. Pedi haitaji jina la kitufe. Mashine ndiyo inayojua kwamba wa kwanza kutoka ni A, na kazi yote hiyo hufanywa na nyaya 5.

PlayStation ya mwaka 1994 ilikuja na mazungumzo marefu zaidi, na PlayStation 2 ikayarithi mwaka 2000 pamoja na plagi ileile ya pini 9. Pedi huanza kwa kujitambulisha, ikitoa namba moja ikiwa taa ya analogi, yaani ya hali ya kutumia vijiti vya kusukuma kwa kidole gumba, imezimwa na namba nyingine ikiwa imewaka. Hufuata hali ya vitufe, ambapo, kinyume na mtu angavyotarajia, 0 humaanisha kitufe kimebonyezwa na 1 humaanisha kimeachwa. Mwishoni kila kijiti cha analogi hutoa namba mbili kati ya 0 na 255, na kikiwa kimetulia katikati husoma karibu 128.

USB, iliyoanza mwaka 1996, nayo huuliza, lakini hudai kwanza kila kifaa kijieleze: kina vitufe vingapi, vijiti vingapi, na taarifa zake zimepangwa vipi. Pedi ya zamani haijui kujieleza hivyo. Ndiyo kazi ya adapta, ambayo ndani yake mna kompyuta ndogo ya chipu moja inayojifanya PlayStation mbele ya pedi, na kujifanya pedi ya kawaida ya USB mbele ya kompyuta.

Sehemu inayonivutia kuliko zote huja baadaye. Mchezo ulioandikwa mwaka 2001 haujui USB ni nini. Bado unauliza kwa utaratibu wa mashine yake. Kwa hiyo emuleta hupokea taarifa ya USB, huirudisha katika namba zilezile za zamani, na kuujibu mchezo kana kwamba pedi imechomekwa mbele ya PlayStation halisi. Taarifa iliyogeuzwa na adapta hugeuzwa tena ili irudi ilikotoka.

Kinachopotea hupotea njiani humo, hasa kwenye adapta za bei nafuu. Vitufe vingi vya DualShock 2, yaani pedi ya PlayStation 2, hupima nguvu ya kidole, na mchezo wa mbio za magari wa Gran Turismo 3 uliitumia sifa hiyo kuongeza mwendo wa gari kidogo kidogo. Adapta nyingi huitupa, zikabakiza kubonyezwa na kuachwa tu. Nyingine hugeuza vitufe vya mwelekeo kuwa kijiti kimoja, na kwa kuwa kijiti hakiwezi kwenda kushoto na kulia kwa wakati mmoja, mikeka ya kuchezea dansi haifai kabisa kwenye adapta hizo. Kuhusu ucheleweshaji, nadhani watu huulalamikia kupita kiasi: adapta inayoulizwa kila baada ya milisekunde 8 bado hujibu ndani ya picha moja ya mchezo wa mfumo wa televisheni wa PAL, ambayo hudumu milisekunde 20.

Kabla ya kulipia adapta, omba kuijaribu dukani. Safisha kwanza pini za pedi kwa spiriti, maana hewa ya chumvi ya pwani yetu huzishikisha kutu mapema, kisha fungua joy.cpl, dirisha la kujaribia pedi kwenye Windows, na usukume kijiti polepole: alama ya msalaba iteleze hadi pembeni bila kuruka. Halafu bonyeza kushoto na kulia kwa pamoja, uone kama vyote viwili vinahesabiwa.