Kioo cha Dirisha Kinapochoma Ukuta wa Jirani

Ukikuta vibao vya plastiki vya ukutani vimejikunja, au nyasi bandia zimeungua kwa mstari mwembamba kana kwamba mtu amepitisha pasi, usikimbilie kumlaumu aliyekuuzia. Tazama kwanza dirisha lililo mkabala.

Dhana: Kioo bapa hakiwezi kukusanya jua.
Kingekuwa bapa kweli, hakingeweza. Lakini dirisha la vioo viwili lina hewa au gesi iliyofungiwa katikati. Baridi ikija, gesi hiyo husinyaa. Kanieneo ya hewa ya nje ikipanda, nayo husukuma. Vioo hubonyea kidogo, kiasi ambacho jicho halitambui, na uso wa nje unakuwa kioo mbonyeo kinachoelekeza miale mahali pamoja. Vioo vyenye utando mwembamba wa metali wa kuzuia joto huakisi zaidi, ndiyo maana hutajwa sana katika visa hivi. Vibao hivyo vya ukutani, vya plastiki ya PVC, huanza kulegea kwenye nyuzi 70 hivi za Selsiasi, na doa la jua lililokusanyika linaweza kufika huko hata hewa ikiwa baridi.

Dhana: Basi ni hatari ya msimu wa joto tu.
La. Siku ya baridi yenye anga safi ndiyo ya kuangaliwa zaidi: vioo vimebonyea na jua liko chini, linapiga dirisha karibu uso kwa uso.

Dhana: Dirisha hilo ni bovu, libadilishwe.
Kubonyea huko ni kawaida. Ukiweka jingine la aina ileile, umepoteza fedha.

Dhana: Funga pazia, yaishe.
Hili linanisikitisha, kwa sababu watu hufunga pazia na kutulia huku ukuta ukiendelea kuharibika. Miale huakisiwa na kioo kabla haijafika kwenye pazia. Kinga lazima iwe nje: wavu wa mbu unaofunika dirisha zima, kipaa cha kivuli, au mti uliopandwa kati ya dirisha na ukuta. Wavu ndio ningeanza nao. Ni rahisi, na hutawanya miale ikiingia na ikitoka.

Kabla ya kununua chochote, toka nje siku ya jua uweke alama mahali doa linapopita kila baada ya nusu saa. Huhama kadiri jua linavyosogea. Usiache doa hilo likupige usoni wala usitazame kioo linakotoka.

Dhana: Ni plastiki dhaifu tu zinazoumia.
Mwaka 2013 jijini London, jengo la 20 Fenchurch Street, lenye ukuta wa vioo uliopinda kwa ndani, liliyeyusha sehemu za gari lililoegeshwa mtaani. Baadaye lilifungiwa vizuia jua kwa nje. Dirisha la nyumbani ni dogo, ila kanuni ni ileile, na humo ndani pia ipo: kioo cha kujipodolea kinachokuza sura, au bakuli la kioo lenye maji, kikiachwa juani dirishani kinaweza kuwasha pazia. Viondoe hapo leo.