Shujaa wako amechoma karatasi iliyokuwa imwokoe baba yake

Nimeletewa tena muswada wa hadithi ya uhalifu ambao mwisho wake niliujua kabla ya kuumaliza ukurasa wa pili. Kaka wa shujaa ameingia katika biashara ya kobalti na mtu hatari, baba amemwekea mwanawe dhamana, mzigo umetoweka kati ya Kolwezi na Kasumbalesa, na mdai anatishia kuichukua nyumba ya familia huko Katuba na kumwaga damu juu yake. Ndipo binti wa nyumba hiyo, ambaye mpaka hapo ameandikwa kwa ustadi wa kweli, anaruka ukuta wa jumba moja katika mtaa wa Golf, anavunja kasha, anautoa mkataba pamoja na karatasi ya dhamana ya baba, na kuzichoma zote kwa kiberiti. Familia inalia kwa furaha na hadithi inakwisha.

Mimi ni wakili hapa Lubumbashi, na kazi yangu ya kila siku ni mikopo na dhamana za wafanyabiashara. Ningeuvumilia moto huo kama burudani kama wateja wasingekuja ofisini na imani hiyo hiyo, wakaketi, wakashusha sauti na kuuliza: «Maître (yaani wakili), na ile karatasi ikipotea?» Karatasi ikipotea, deni linabaki. Katika mashauri mengi ya familia, kinachoteketea ni utetezi wao wenyewe.

Mkataba wa kaka mtu nitaupitia haraka, kwa sababu hauna ugumu. Kaka ni mfanyabiashara na mdai ni mfanyabiashara, na sheria za OHADA, yaani sheria za biashara zinazotumiwa kwa pamoja na nchi kadhaa za Afrika, ambazo zilianza kutumika nchini kwetu Kongo (DRC) tarehe 12 Septemba 2012, zinaruhusu deni kati ya wafanyabiashara kuthibitishwa kwa njia yoyote: ujumbe wa simu, risiti ya fedha zilizotumwa, hati ya kupakia lori, shahidi aliyekuwepo. Zaidi ya hayo, mkataba hutiwa sahihi katika nakala zaidi ya moja, na siku hizi hakuna anayeondoka mezani bila kuupiga picha. Binti amechoma nakala moja, na sasa ana kesi yake mwenyewe ya wizi wa kuvunja nyumba usiku.

Dhamana ya baba ni jambo tofauti kabisa, na hapa ndipo subira yangu huniishia. Sheria ya OHADA kuhusu dhamana, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inasema kwamba dhamana haikisiwi. Ni lazima mdhamini na mdai wawe wametia sahihi, na ni lazima mdhamini awe ameandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa maneno na kwa tarakimu, kiasi cha juu kabisa anachokidhamini. Mdhamini asiyejua kuandika, au asiyeweza, anatakiwa kusaidiwa na mashahidi wawili wanaothibitisha kwamba yeye ndiye na kwamba ameelewa anachokifanya.

Sasa tazama karatasi ambazo watu hunifungulia mezani. Ukurasa mmoja, umepigwa chapa kwenye kibanda cha kompyuta karibu na soko, na kila kitu kimechapwa na mashine: jina la baba, namba ya kiwanja, «dola elfu arobaini za Kimarekani», tarehe. Chini kabisa, kwa kalamu ya buluu, mzee ameandika maneno matatu aliyoambiwa ayaandike, «Lu et approuvé», yaani «nimesoma na kukubali», akatia sahihi inayotetemeka kidogo. Hakuna tarakimu moja iliyotoka mkononi mwake. Mdai anaamini kwamba maneno hayo matatu yanatosha, mzee anaamini hivyo hivyo, na mwandishi wa hadithi naye anaamini. Mimi nikiiona karatasi hiyo ninaagiza chai, kwa sababu sasa tuna la kusema mbele ya Mahakama ya Biashara.

Je, ushindi ni wa hakika? Hapana, na wanaofundisha jambo hili hulipita mbio. Kifungu chenyewe kinazungumzia namna dhamana inavyothibitishwa, na mdai mwenye wakili mzuri atadai kwamba karatasi yenye upungufu ni mwanzo wa ushahidi ambao unaweza kukamilishwa kwa njia nyingine. Wenzangu hubishana juu ya hilo hadi jioni. Mimi huitumia hoja hiyo kila ninapoipata, lakini sijawahi kumwahidi mteja kwamba jaji ataipokea.

Rudi sasa kwa binti na kiberiti chake. Kwa madeni ambayo ni lazima yawe katika maandishi, sheria yetu ya mikataba inamfungulia mlango mdai ambaye hati yake imepotea kwa tukio ambalo hakulitarajia na hakuweza kulizuia: anaruhusiwa kuthibitisha kwa mashahidi. Wizi wa usiku unaofuatwa na moto ni tukio ambalo wakili wake atalieleza kwa raha kubwa. Na mashahidi watakuwa akina nani? Watakuwa vijana wake wawili waliosimama nyuma ya kiti cha mzee siku ile, na watakula kiapo kwamba walimwona akiandika elfu arobaini kwa mkono wake, kwa maneno na kwa tarakimu. Ushahidi wa kuwaumbua ulikuwa ule ukurasa uliochapwa na mashine, na sasa ni majivu.

Watanipinga: baba alitia sahihi akiwa ametishwa, basi mkataba ni batili, shauri limekwisha. Mikataba tunaiongoza bado kwa dekrii ya tarehe 30 Julai 1888, ya enzi za Leopold II, ambayo imeuzidi umri mji wetu wenyewe, maana Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910. Dekrii hiyo inatambua kwamba ridhaa iliyopatikana kwa vitisho haina nguvu, hata kama aliyetisha ni mtu wa tatu, lakini inaongeza kwamba mkataba wa namna hiyo haufi wenyewe: ni lazima uende mahakamani kuomba ubatilishwe. Waandishi huruka sentensi hiyo kana kwamba imeandikwa kwa wino usioonekana.

Tena dekrii inataja ni nani akitishwa mkataba unatikisika: anayetia sahihi mwenyewe, mume au mke wake, wazao wake, wazazi na mababu zake. Baba aliyetia sahihi kwa sababu kisu kilikuwa shingoni mwa mwanawe yumo katika orodha. Dada aliyetia sahihi ili kumwokoa kaka hamo, na karibu kila hadithi ninayoletewa imejengwa juu ya dada na kaka! Mimi husoma orodha hiyo kama nafuu ya ushahidi kwa jamaa waliotajwa, si kama ukuta kwa wengine, lakini jaji anayeisoma kwa ufinyu hatakuwa amevunja sheria yoyote. Na heshima au hofu ya kawaida kwa mzazi, pasipo vitisho vyovyote, haitoshi: kijana anayesema «nilitia sahihi kwa sababu baba alinikazia macho» arudi nyumbani.

Kuna mtego mbaya zaidi, nao ni ule ukurasa ambamo shujaa, kwa akili nyingi, analipa dola elfu mbili ili kununua muda. Sheria inasema kwamba mkataba uliotokana na vitisho hauwezi kushambuliwa tena ikiwa, baada ya vitisho kukoma, mtu ameukubali waziwazi au kwa vitendo. Aliyelipa wakati bado anafuatwa na gari lisilo na namba anaweza kujieleza. Aliyelipa miezi baadaye, kwa utulivu, akachukua risiti na kusema asante, amempa mdai zawadi ambayo mdai hakuwahi kuiomba. Kwa hiyo tarehe ya malipo na hali ya siku hiyo ni mambo ambayo mwandishi angepaswa kuyatolea jasho.

Kuhusu kukamatwa nitasema machache. Deni la mkataba peke yake si sababu ya jela. Kifungu cha 11 cha mapatano ya kimataifa ya haki za kiraia na kisiasa, ambayo nchi yetu ilijiunga nayo mwaka 1976, kinakataza. Ndiyo maana mdai mjanja haendi parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, kulalamika kuhusu deni, bali huliita kuvunja uaminifu au utapeli, yaani vifungu vya 95 na 98 vya sheria ya jinai, na OPJ, yaani afisa wa polisi wa upelelezi, humwita kaka mtu. Wakimkosa na kumchukua mama yake mahali pake, Katiba ya mwaka 2006 inasema katika kifungu cha 17 kwamba hakuna anayekamatwa kwa kosa la mwingine, na katika kifungu cha 18 kwamba kushikiliwa polisi hakuzidi saa 48. Saa hizo 48 zina mvutano kuliko ukuta wowote wa Golf, na sijaona mwandishi aliyezitumia.

Kobalti yenyewe, kwa kifupi: kununua madini ya wachimbaji wa mikono kunahitaji kadi ambayo hutolewa kwa Mkongo, na mgeni anayejificha nyuma ya kadi ya kaka yako amejenga mkataba juu ya sababu haramu. Hoja hiyo ni kali, lakini inamkata pia anayeishika, kwa sababu kaka ndiye mwenye jina kwenye kadi.

Imebaki nyumba. Kumkabidhi mtu cheti cha usajili wa kiwanja, akakifungia kabatini, hakumpi rehani. Rehani inataka hati yake rasmi na kuandikwa katika kitabu cha ofisi ya ardhi. Wakopeshaji wanalijua hilo, na ndiyo maana wale hatari hawaombi rehani kabisa. Humtaka mzee atie sahihi hati ya mauzo isiyo na tarehe, bei tayari imejazwa, na tarehe wanaiweka wao siku ya hasira. Hati hiyo ndiyo binti angepaswa kuitafuta, na akiipata aipige picha pande zote mbili, airudishe mahali pake na kutazama sahihi ni ngapi. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inataka mume na mke wakubaliane kabla ya kiwanja kuhamishwa au kuwekwa rehani. Ikiwa pana sahihi ya baba peke yake, mtu wa kwanza wa kuongozana naye kwa wakili ni mama, ambaye katika miswada yote niliyosoma anapika bukari (ugali) na kulia, wala hakuna anayemuuliza kama aliwahi kuiona karatasi hiyo.